Nyumba ya Baba kwenye Ramani ya Mitetemo

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuwauliza watu namna vyombo vyao vilivyovunjika. Nilipomweleza baba hivyo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Amelima ulezi na maharage miaka yote hiyo ili nisome, halafu ninaajiriwa nikaulize habari za vyungu! Nilinuna. Mimi nina hasira za karibu, nilizaliwa nazo, na baba alikuwa mtu pekee aliyejua kunichokoza na kunituliza kwa pumzi moja. Sasa hayupo, nami ninaishi kwenye mji wa joto ambako hakuna anayenichokoza namna ile. Asubuhi nyingine nikiamka mapema natamani baridi ya Ufipa, ile ya mwezi wa sita inayouma masikio, na katikati ya baridi hiyo natamani awepo yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchora ramani ya mitetemo. Nyanda zetu za juu zimekaa kati ya mabonde mawili, la Ziwa Tanganyika upande mmoja na la Ziwa Rukwa upande wa pili, na chini ya mabonde hayo ardhi haijatulia hata leo. Kila mtu wa kwetu ameshawahi kutikiswa kitandani. Ramani ilitakiwa ionyeshe wapi ardhi hutikisika sana na wapi kidogo, ili anayetaka kujenga shule, zahanati au daraja ajue kuta zake zinahitaji nguvu kiasi gani. Tulikuwa na mashine moja ya kupokea mitetemo, na mashine hiyo ilipenda kuugua kuliko kufanya kazi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ramani tuliipata kwa maswali. Tetemeko lilipopita ulikuwa wapi? Ulikuwa umelala, ukaamka? Vyungu viligongana? Ukuta ulipata ufa? Ulikimbilia nje?

Tulikuwa watu watatu kwenye gari. Dereva, mtaalamu wa mitetemo, na mimi mkalimani, kwa sababu bibi wa Kifipa ukimuuliza kwa Kiswahili cha ofisini atakujibu kiofisi, atasema ndiyo kwa kila kitu ili uondoke. Mtaalamu alitoka Kagera. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye heshima kwa wakubwa, na aliogopa baridi yetu mpaka akavaa makoti mawili. Tulimtania kwamba yeye ndiye anayetetemeka, si ardhi.

Somo la kwanza mtaalamu alinipa tukiwa Mtowisa, huko bonde la Rukwa, tulipoteremka kwa barabara iliyotutoa roho. Joto lilikuwa kali na mpunga umesimama kila upande. Mama mmoja alitusimulia kwamba maji yaliruka yenyewe kutoka mtungini na ukuta wa jiko ukalala. Siku ileile kule juu kwetu, tetemeko hilohilo liliamsha watu tu. Sikuelewa. Tulipokaa kula kwa huyo mama, mtaalamu alisogeza bakuli la uji karibu na sahani ya ugali uliopoa, akaipiga meza kofi. Ugali ulitikisika mara moja ukatulia. Uji uliendelea kuyumba mpaka ukamwagika ukingoni, na mwenye nyumba akamwangalia kwa jicho baya.

"Udongo wa huku ni uji," akasema. "Mwamba wa kwenu ni ugali. Usisahau."

Sikusahau. Jioni hiyo aliipaka Mtowisa rangi nyekundu kwa penseli. Vijiji vingi vya juu, penye mwamba, tulivipaka kijani.

Hizo zilikuwa zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Waliokuwa wakubwa wakati huo watakumbuka. Madukani Sumbawanga vitu vilivyokuwa vimeadimika vilirudi, na pale mtaani Mazwi ungekuta bati zimeegemezwa ukutani, misumari, saruji, mitumba imerundikwa hadi barabarani, na vijana wakiitana mshikaji na kupanga safari. Kila mwenye miguu aliondoka. Kaka yangu mkubwa alikwenda Tunduma kufanya biashara ya mpakani, anayemfuata akaenda Dar es Salaam, dada akaolewa Mpanda, mdogo wangu wa kiume akawa leo yuko hapa kesho kule, na mimi nikawa kwenye gari la mitetemo. Mama alikuwa ameshafariki. Baba alibaki peke yake kijijini, upande wa Mwazye, kwenye nyumba ya matofali mabichi yenye vyumba viwili.

Baba alikuwa na maelezo yake kuhusu sisi kutokurudi. Alisema haturudi kwa sababu hatuna pa kulala. Mtu mzima, alisema, hawezi kurudi nyumbani akalale sebuleni na kuku. Basi atajenga nyumba kubwa ya matofali ya kuchoma na bati, kila mtoto na chumba chake na mlango wake. Wengine walimcheka, mimi sikucheka. Aliongea habari za milango kuliko habari za nyumba yenyewe. Alishachagua hata mbao zake.

Mahali alipochagua ni bondeni chini ya kijiji, karibu na kijito, ubavuni mwa tanuru.

Tanuru hilo lazima nilieleze. Wahenga wetu walikuwa wafua chuma. Walijenga matanuru marefu ya udongo, yenye kimo kuzidi cha mtu, ambayo wao waliyaita malungu, wakayeyushia humo mawe ya chuma wakapata majembe. Kazi hiyo ilikufa zamani, lakini baadhi ya matanuru yamebaki yamesimama porini mpaka leo. Tanuru jipya lilihesabiwa kuwa ni bibi harusi. Lilipambwa, likaimbiwa, likapewa heshima ya mwali. Katika ukoo wetu heshima hiyo haikufa pamoja na kazi. Lile la kwetu baba alilitaja kama mtu, na kila kiangazi kikianza mama alikuwa akilisiriba kwa udongo wa kichuguu, kama alivyosiriba kuta za nyumba kabla ya Krismasi. Mimi nilikuwa mtoto, baadaye nikawa shule ya bweni. Nilijua mama anampendezesha bibi harusi, basi.

Mtaalamu alipoliona tanuru alifurahi kama aliyeokota fedha njiani. Alilizunguka, akalipapasa, akapiga picha. Alinieleza kwamba watu husahau, na asiyesahau hutia chumvi, lakini mnara wa udongo hauna uongo. Kama umesimama tangu enzi za mababu bila ufa, basi ardhi chini yake haijawahi kutikisika vibaya. Mashine wakati huo ilikuwa Sumbawanga inatengenezwa. Kwa ushahidi wa tanuru, bonde letu likapakwa kijani.

"Ramani yenu inasemaje kuhusu nyumba yetu, mama?" baba aliniuliza. Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

"Inasema jenga, baba."

Alifurahi mno. Alianza kusogeza matofali yake pale bondeni, na jirani zake wakamsaidia, na lundo likakua mpaka likaanza kuziba tanuru ukilitazama kutoka njiani.

Miezi ikapita mashine ikapona. Tukarudi vijijini kuhakikisha yale tuliyoandika, na nilifurahi zamu ya kwetu ilipofika, maana ningekula ugali wa ulezi wa baba. Kazi ya mashine ilikuwa hivi: unalaza bamba la chuma chini, unalipiga kwa nyundo kubwa, na mashine iliyowekwa mbali kidogo inaandika mtetemo ulivyosafiri ardhini. Dereva alipiga nyundo. Watoto walifukuzwa wasikanyagekanyage. Mtaalamu alitazama karatasi, akaomba nyundo ipigwe tena, na tena. Uso wake ulikunjamana.

"Mashine inasema uji," aliniambia pembeni. "Udongo laini, kina kirefu. Tanuru linasema ugali. Mmojawapo ananidanganya, na mashine haina sababu."

Alimwendea baba kwa adabu, akamwamkia upya ingawa walishaamkiana asubuhi.

"Shikamoo, mzee. Naomba kuuliza tena. Tanuru hili halijawahi kupata ufa?"

"Marahaba. Bibi harusi wetu ni mzima," baba akajibu, akatazama kijitoni.

Ni hapo nilipomsogelea bibi harusi mwenyewe, na sijui kwa nini sikuwahi kumsogelea tangu mama afariki. Mama alisiriba kwa kuzungusha kiganja, alama zake zilikuwa duara duara, zikipandana. Ningezitambua popote. Lakini juu ya alama hizo palikuwa na nyingine mpya, za vidole vinene, zimevutwa moja kwa moja kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayepaka bila kufundishwa. Na hazikuzunguka tanuru lote. Zilishuka kwenye mstari mmoja tu, upande wa kijito.

Vidole vile nilivifahamu. Vilikuwa vimenifunga kamba za viatu.

Nilimfuata baba jikoni. Alikuwa anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Kwa desturi yetu mwanamume hataji dosari ya mwili wa bibi harusi mbele za watu, sembuse mbele ya wageni. Ni aibu ya ukoo mzima. Nilijua hilo, na nilijua kwamba sina haki ya kumlazimisha. Lakini nilikuwa nimeona kuta za Mtowisa. Nilikuwa nimeongea na watu waliofukuliwa chini ya matofali yao wenyewe. Nikasema kwa Kifipa, bila kumtazama, kwamba mama alikuwa na mkono mzuri, na kwamba aliyempokea kazi hana mkono mzuri.

Alisukuma kuni moja ndani zaidi. Kisha akacheka kidogo, pasipo furaha.

"Udongo wa kichuguu unataka maji kidogo," akasema. "Mimi naweka mengi. Hakunionyesha."

"Baba, anapasuka?"

"Kila tetemeko likipita. Mama yako alikuwa anamfunika kabla watu hawajaamka. Alipoondoka, nikasema siwezi kumwacha hivihivi akaonekana."

"Kwa nini hukumwambia mtaalamu?"

"Wewe ungesimama mbele ya wageni ukamsema mama yako?"

Nilimwambia tu lile nililolijua: kwamba pale bondeni ardhi ni uji, kwamba nyumba ya matofali ya kuchoma ni nzito, na kwamba vyumba anavyotujengea vinaweza kutuangukia siku tukivilalia. Nilisema hilo la mwisho kwa ukali, kwa sababu nilikuwa naogopa. Hakuchochea moto tena.

Asubuhi alituita wote watatu bondeni. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Alishika kisu chake cha kuchunia ngozi, akamwomba radhi bibi harusi kwa Kifipa, maneno machache niliyoyasikia na ambayo sitayaandika hapa, kisha akaanza kukwangua. Udongo wake mwenyewe ulitoka kwanza, vipande vikubwa vilivyokauka. Chini yake ukatoka udongo wa mama. Nilitaka kumshika mkono niliposikia alama zile za duara zikivunjika, maana hazikuwepo kwingine duniani. Nikasimama tu. Ufa ulitokea kutoka mdomo wa tanuru mpaka kwenye msingi, mpana kiasi cha kuingiza kiganja, umejazwa tabaka juu ya tabaka.

"Mtazameni," baba alisema. "Halafu muandike vizuri."

Mtaalamu alivua kofia. Hakupiga picha. Alikaa juu ya matofali ya baba akafuta kijani kwa kifutio, taratibu, karatasi isichanike, akapaka bonde letu rangi ya chungwa. Halafu akatumia siku nzima, ambayo haikuwa kwenye ratiba, kupima mlimani kwa nyundo mpaka akapata mahali mwamba ulipokaribia juu. Palikuwa na upepo mkali na maji yalikuwa mbali. Baba alipatazama akasema kuku wake watapeperuka.

Lakini alijenga pale. Matofali yalipandishwa mlimani kwa mkokoteni wa ng'ombe wa jirani yetu, Msukuma aliyehamia kwetu na familia yake. Mimi nilimwandikia fundi maelekezo ya mtaalamu: kuta fupi, madirisha yasikae karibu na kona, na lenta ya zege izunguke nyumba nzima kama mkanda. Fundi alinuna, akisema hiyo ni nyumba ya mwoga. Baba akamjibu kwamba kila mwenye watoto ni mwoga. Vyumba vikawa vidogo kuliko alivyoviota, lakini vilikuwa vyetu wote, na kila kimoja na mlango wa mninga. Tanuru hakulisiriba tena. Alisema ameshaonekana, sasa aachwe azeeke kama watu wengine. Mvua za miaka michache zilimmaliza. Nilipopita baadaye palikuwa na kichuguu tu kisicho na mchwa.

Nitasema nini kuhusu miaka iliyofuata? Hakuna aliyekosea. Kazi ilinihamishia mbali, nikaolewa, nikazaa. Basi la kutoka Mbeya kiangazi lilikuwa vumbi, masika lilikuwa tope. Ndugu zangu nao kila mmoja alikuwa na lake. Tulikwenda, lakini kwa zamu, mmoja Krismasi hii, mwingine mavuno yale, na hatukuwahi kuijaza nyumba ile hata mara moja. Baba alifagia vyumba vyote kila Jumamosi. Hili sikulijua kwa kuambiwa. Nililijua kwa sababu kila nilipofika, wakati wowote na bila taarifa, hapakuwa na vumbi kitandani kwangu.

Halafu likapita tetemeko alfajiri moja, kubwa kuliko tuliyozoea. Ofisi ilitutuma tukapime, na kwa kuwa mimi ndiye niliyejua Kifipa nikapewa nyanda za juu. Njia nzima nilihesabu kuta zilizolala. Bondeni, pale penye kijito, ghala la mahindi la mtu mmoja lilikuwa limekaa chini kama ng'ombe. Nilipopandisha mlima niliacha kuhesabu.

Nyumba ilisimama. Nilizunguka nje, nikazunguka ndani, nikapitisha vidole kwenye kila kona. Haikuwa na ufa hata mmoja. Baba alinifuata nyuma kwa fimbo yake akiniuliza kama nimekuja kumsalimia yeye au kusalimia ukuta. Alikuwa amekonda.

Nikakaa naye barazani, mama jirani yetu akiwepo, mke wa yule Msukuma, aliyekuwa amemletea maziwa. Nikafungua maswali yangu, yaleyale ya siku zote. Nilitaka kumaliza kazi haraka ili niwe mtoto wake.

"Tetemeko lilipopita ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Hawa vijana wa redioni wametangaza lilitukuta wote tumelala, lakini mimi nilikuwa macho."

"Vyombo vilianguka?"

"Sufuria moja. Ilikuwa na kiherehere tangu zamani."

"Ulikimbilia nje?"

Hakujibu. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Mama jirani akatazama maziwa yake.

"Hakutoka, mwanangu," akasema. "Sisi wote tulikuwa nje, tunamwita. Mume wangu akakimbia kumfuata ndani. Akamkuta kwenye korido anagonga milango yenu, mmoja baada ya mwingine, anawaita kwa majina mtoke."

Nilimgeukia baba. Nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe: ardhi ikianza, usichukue kitu, toka. Hasira ilinipanda ikafika machoni ikageuka maji.

"Baba, si tulikubaliana utoke?"

"Ningetokaje niwaache?" Akapangusa fimbo yake kwa kiganja, kisha akasema polepole, kama anayeomba radhi kwa mgeni, "Nilisahau kwamba hamko."

Swali lililofuata lilikuwa kama ndani kulikuwa na watu wengine. Sikuliuliza.

Siku hiyo sikuendelea na safari. Dereva nilimwambia arudi Sumbawanga anifuate baadaye. Nilimpikia baba, nikamsikiliza akisema mabaya ya bei ya mbolea, nikaenda kulala chumbani kwangu, nikafunga mlango wa mninga. Kulipopambazuka nilisikia fimbo yake kwenye korido. Ilipita mlango wa kaka mkubwa, wa kaka wa pili, wa dada, wa mdogo wangu, ikasimama kwangu. Akagonga.

"Mama, uji tayari. Amka."

Nilikuwa macho tangu giza. Sikuitika, ili agonge tena.